Pesa ya ng'ombe ambaye bado amesimama

Haya ni maneno niliongea kwa mkutano wa wafugaji pale Merille, kaunti ya Marsabit, chini ya mgunga karibu na soko. Wengi mliniomba niandike kwa sababu upepo ulikuwa mwingi na ile spika tuliazima kanisani ilikuwa inakohoa kuliko kuongea. Nimeandika vile nilisema, nimetoa tu pale tuligombana kuhusu chai.

Hamjambo wazee wangu. Hamjambo mama zangu. Vijana mko huko nyuma juu ya pikipiki hamjambo, mkuje karibu kidogo. Chifu asante kwa nafasi, na naomba niseme tu itifaki imezingatiwa maana nikianza kutaja mmoja mmoja tutafika saa kumi na mbuzi zenu bado ziko sokoni hazijauzwa.

Nimeambiwa niongee kuhusu pesa ya serikali ya mifugo. Sasa mimi si afisa, hilo mnajua, mimi ni mama wa hapa hapa, nilimaliza form four nikarudi kuchunga, na kwa sababu najua kusoma kila mradi ukija huku wananiambia wewe mama utakuwa unatuelezea watu. Kwa hivyo hii maneno ya bima nimeibeba tangu 2010, nimeshukuriwa kwayo na nimetukanwa kwayo, zaidi kutukanwa.

Nianze na simu. Februari 2017, mzee mmoja wa huku kwetu, simtaji, mwenye anamjua anamjua, alikuja kwangu asubuhi hata sijamaliza kukamua, ameshika simu mbali na mwili vile mtu anashika nge kwa kijiti. Akaniambia, "Binti yangu, kuna mtu simjui amenitumia pesa, elfu 17 na kitu, sasa nirudishe ama ninyamaze?" Nikachukua simu nikasoma, nikaona ni ile ya bima. Nikamwambia mzee hii ni yako, ni ile maneno tulikuandikisha ukatoa kitambulisho na namba, imekuja kwa sababu ya ukame. Akaniangalia sana, akaangalia boma lake, akarudi kuniangalia. Akasema, "Lakini ng'ombe yangu hajakufa."

Hiyo sentensi ndio imenileta hapa leo. Miaka hii yote watu bado wananiambia vile vile, wengine wanasema kwa furaha na wengine kwa hasira. Mwenye alilipwa anasema mbona nimelipwa na ng'ombe yangu iko, na mwenye hakulipwa anasema mbona sijalipwa na ng'ombe yangu imekufa. Wote wawili wanafikiria hii pesa ni ya ng'ombe aliyekufa. Wazee wangu, sio ya huyo. Ni ya ng'ombe ambaye bado amesimama.

Ngojeni niwaeleze vizuri, na mwenye anajua avumilie.

Ule mpango uliitwa KLIP, yaani bima ya mifugo ya serikali ya Kenya. Ulianza Oktoba 2015 kule Turkana na Wajir, familia kama 5,000 hivi, halafu ukaja Marsabit, Isiolo, Mandera na Tana River, baadaye Garissa na Samburu, ukafikisha familia kama 18,000. Serikali ilikuwa inalipa premiamu yote, premiamu ni ile ada unalipa kampuni ya bima ndio ikukinge, na kampuni zilikuwa kama saba zimeungana, APA ndio ilikuwa mbele. Wewe mfugaji hukutoa hata shilingi. Msichanganye na ile pesa ya HSNP, ile ya 5,400 kila miezi miwili, ile ni ya familia kula, inakuja mvua inyeshe isinyeshe. Hii nyingine inakuja tu nyasi ikikosa.

Na hapa ndipo watu hupotea: nyasi. Hakuna mtu atakuja kuhesabu mizoga kwa boma lako, hakuna daktari wa mifugo atakuja kuandika cheti cha kifo cha ng'ombe (mzee mmoja aliwahi kuniletea ngozi kavu na masikio mawili kama ushahidi, nikamwonea huruma mpaka nikampa chai). Kuna setilaiti inapita juu, na kazi yake ni kupima vile ardhi iko kijani. Haioni ng'ombe wako, haikujui jina, haijui kama uko na tano ama mia tano. Inaona tu kijani. Wako na rekodi kutoka mwanzo wa miaka ya 2000, kila msimu wanajua eneo letu lilikuwa kijani kiasi gani. Sasa wanapanga misimu yote kutoka mbaya kabisa mpaka nzuri kabisa, na huu msimu wa sasa ukiangukia kwa ile moja ya tano ya chini, yaani katika misimu kumi iko kati ya miwili mibaya zaidi, basi malipo yanaanza. Ikiwa imeshuka kidogo wanalipa kidogo, ikiwa imeshuka sana wanalipa sana.

Na hesabu yenyewe walikuwa wanakata hivi, ng'ombe mmoja ni kipimo kimoja, mbuzi ama kondoo kumi ni kipimo kimoja, ngamia yeye ni kimoja na karibu nusu. Serikali ilikulipia vipimo vitano. Kila kipimo kilikuwa na kinga ya 14,000 kwa mwaka, kwa hivyo tano ni 70,000. Mtu akasikia 70,000, akaona 17,000 kwa simu, akasema wamekula 53,000. Hapana, huo ndio ulikuwa upeo, na upeo unafikiwa tu kama ardhi imekauka kabisa kabisa misimu yote miwili. Ile Februari 2017 walilipa kama shilingi milioni 215 kwa familia zaidi ya 12,000 katika kaunti sita. Gawanyeni wenyewe, wanafunzi mko hapa, inakuja kama 17,900 kwa boma. Sasa ule mzee wangu wa nge hakuibiwa, alipata kile watu wengi walipata.

Nitawaambia kwa nini ilikuja Februari na si Oktoba, na hapa nataka mnisikize hata nyinyi wa pikipiki.

Wakati bima ilianza hapa Marsabit, Januari 2010, wale watu wa ILRI, lile shirika la kimataifa la utafiti wa mifugo, ndio waliileta, mtafiti wao Andrew Mude akapewa hata tuzo huko nje mwaka 2016 kwa hii kazi. Siku hizo serikali haikuwa imeingia, mfugaji alikuwa ananunua mwenyewe, wafadhili wakipunguza bei kidogo. Tulizunguka vijijini tukicheza mchezo na watu ndio waelewe, si mchezo wa mpira, mchezo wa kuhesabu mifugo ya uongo, mvua nzuri unaongeza, ukame unatoa, wazee walicheka sana halafu hawakununua. Mimi nilinunua, kwa aibu tu maana ningeuzia watu kitu mimi mwenyewe sina?

Ukaja ukame wa 2011. Wenye mlikuwa wakubwa mnakumbuka, sitaongeza. Niseme moja tu. Kulikuwa na ng'ombe mwekundu wa mama yangu, mzazi, amezaa mara sita, maziwa yake ndio yalitukuza. Ikifika mwezi wa saba alikuwa hawezi kuamka asubuhi mwenyewe. Tunamwinua. Mmoja anashika mkia, mmoja pembe, wawili wanapitisha mti chini ya tumbo, moja mbili tatu, anasimama, anatetemeka magoti, unamshikilia dakika kama kumi mpaka damu irudi kwa miguu, halafu anaenda pole pole anatafuta kitu hakuna. Tulimlisha maganda ya mgunga, yakaisha, tukamlisha boksi. Ndio, boksi ya sabuni, unailoweka kwa maji na chumvi kidogo. Kila asubuhi hiyo kazi ya mkia na pembe, siku 19, nilikuwa nahesabu. Siku ya 20 tukamwinua akasimama, tukamwachilia akakaa chini tena pole pole, kama mtu amechoka na maneno yenu. Mama akasema mwacheni.

Malipo ya kwanza ya bima Marsabit yalikuja Oktoba 2011. Nikalipwa, na pesa ilikuwa halali, hesabu ilikuwa sawa, watu walipiga picha. Lakini ule mkataba wa kwanza ulikuwa umeandikwa hivyo, kwamba unalipwa mwisho wa msimu, mifugo ikishaenda, ndio ukanunue zingine. Nikasimama pale na pesa yangu na mifupa ya yule mwekundu iko hapo nje ya boma. Ilikuwa pesa ya matanga. Asante kwa pole zenu, lakini mwenye matanga ameshalala.

Sasa watu wenyewe wa bima, na hapa nawapa heshima yao, walisikia. Wafugaji walisema tena na tena, sisi hatutaki kununuliwa ng'ombe mpya, ng'ombe mpya hajui njia ya maji, hajui mchungaji, na bei yake mvua ikinyesha inapanda mpaka mawinguni, tunataka huyu tuko naye asife. Wakageuza mkataba. Kufika KLIP ya 2015 hesabu inafanywa mapema, wanaangalia nyasi wakati mvua inapaswa kunyesha, mvua ikikosa Oktoba mpaka Desemba pesa inakuja Februari hivi, kabla kiangazi kukumaliza, na mvua ndefu ikikosa Machi mpaka Juni pesa inakuja karibu mwezi wa nane. Kwa hivyo mzee wangu alilipwa na ng'ombe yake iko hai kwa sababu hiyo ndio ilikuwa maana yote ya kumlipa.

Na alifanya nini na hiyo 17,000 na kitu? Wiki ya kwanza alikaa nayo, alikuwa bado anaogopa mwenyewe atapiga simu. Nikamwambia mzee, broka akija kununua fahali wako sasa atakupa bei ya mnyama, akija mwezi wa nne atakupa bei ya ngozi. Akauza fahali mmoja. Akaongeza ile pesa ya bima, akanunua bale za nyasi kutoka kwa lori la Timau, lami imetusaidia hapo tuseme ukweli, zamani lori lingefika limevunjika springi na nyasi imekuwa vumbi, akanunua dawa ya minyoo na chumvi ya kulamba. Alikuwa na ng'ombe saba, akauza mmoja, mmoja akafa kwa kula plastiki, akabaki na watano mpaka mvua. Sisemi bima iliokoa wote. Nasema hakukuwa na kazi ya mkia na pembe kwa boma lake mwaka huo, na mimi nikipita pale asubuhi nilikuwa naangalia hiyo tu.

Sasa ubaya wake, maana sikuja kuuza kitu.

Kwanza, kijani si chakula. Wenye mko na ndugu Tana River ama Garissa mnajua mathenge, ule mti unakaa kijani hata jiwe likiwa linalia, na mbuzi akila matunda yake sana meno yanaoza. Setilaiti ikipita ikaona kijani, itajuaje ni nyasi ama ni mathenge? Wataalamu wanajaribu kurekebisha kwa hesabu zao, lakini mtu amekaa chini ya mathenge na ng'ombe wake amekonda ukimwambia eneo lako liko kijani atakupiga na fimbo, na mimi nitamshikia koti.

Pili, wewe uliandikishwa hapa na wanyama wako fora, yaani malisho ya mbali, wamevuka mpaka mbali huko, wengine wamefika upande wa Ethiopia. Bima inaangalia hapa. Kwa hivyo kuna mwaka hapa kukavu na wanyama wako wako kwa nyasi nzuri huko, utalipwa na wewe uko sawa, na hutasema kitu, nawajua. Na kuna mwaka hapa kumenyesha kidogo, wanyama wamekwama mahali pabaya, hutalipwa, na hapo ndio utakuja kwangu na kelele.

Tatu, ugonjwa haumo. Sotoka ya mbuzi ikipita ikamaliza zizi, haumo. Wezi wakija usiku wakaondoa wote, haumo. Ni nyasi tu. Mama mmoja alinilaumu miaka miwili kwa mbuzi waliokufa kwa mapafu, nimemweleza mpaka nikachoka, juzi amenisalimia kwa hivyo nadhani tumemaliza.

Nne, na hii ndio inaniuma kabisa, laini ya simu. Malipo yanakuja kwa M-Pesa kwa namba iliandikwa siku ya kuandikishwa. Sasa huku kwetu mtu ananunua laini kwa sababu ina ofa, akimaliza ofa anaitupa. Ama namba ni ya kijana wake mwenye ameenda Nairobi. Ama namba ni ya mzee na wanyama ni wa mama, yeye ndiye anawapa maji, yeye ndiye anawainua asubuhi, na meseji inaingia kwa simu ya mzee akiwa hoteli. Mimi mwenyewe pesa yangu moja iliwahi kutumwa kwa namba yenye ilikosewa tarakimu moja na karani. Nilienda ofisini, nikaambiwa rudi Jumatatu, nikarudi Jumatatu, nikaambiwa faili iko kwa mtu ameenda semina, kutoka hapa kwenda na kurudi ni nauli, mara nne, hesabu imeingia kwa ile pesa yenyewe. Mwishowe niliipata, siwezi kusema sikuipata. Lakini niliipata mvua imeshanyesha, nikanunua blanketi.

Mnaona? Blanketi nzuri, bado ninayo. Lakini haikuwa pesa ya blanketi.

Kuna wenye wanasema hii maneno ya bure ndio imeharibu. Kwamba serikali ikilipa premiamu yote mfugaji haulizi kitu, hajui hata ameandikishwa, na mwaka ambao hazina haijatoa pesa hakuna mtu wa kulalamika kwa sababu hakuna mtu alilipa. Mimi zamani nilikuwa nabishana nao, nikisema mtu hana kitu unamwambiaje achange? Siku hizi nimegeuka kidogo. Si kabisa, kidogo. Hii bima mpya, ya mradi wa DRIVE, ya Benki ya Dunia na serikali yetu na Ethiopia, Somalia na Djibouti, iliyopitishwa 2022, serikali inalipia sehemu kubwa na wewe unaongeza sehemu yako ndogo. Watu walinung'unika, wakasema tumezoea bure. Lakini nimeona kitu. Mtu ametoa hata kidogo kutoka mfukoni, anakuja kwangu mwezi wa sita ananiuliza, mama, hiyo setilaiti imesemaje? Yule wa bure hakuwahi kuniuliza, alingoja tu simu ilie. Na ndugu zetu Waislamu wenye walikuwa na wasiwasi kama bima ni halali, Wajir walianza ya takaful, yaani bima ya kufuata sheria ya Kiislamu, tangu 2013, kwa hivyo hilo lina njia yake, waulizeni masheikh wenu si mimi.

Sasa niwarudishe 2021, halafu niwaachilie.

Mvua ya Oktoba 2020 ilikosa. Mvua ya Machi 2021 ikakosa. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mimi nilisikia kwa redio nikiwa kisimani na nikafurahi, wallahi nilifurahi, nikasema sasa tumeonekana. Halafu jioni nikakaa nikafikiria, hii nyasi ilikosa lini? Ilikosa mwezi wa tano. Mwezi wa sita hakukuwa na haja ya rais kuona, ile setilaiti ilikuwa imeshaona, hata sisi tulikuwa tumeshaona. Kutoka mwezi wa sita mpaka wa tisa ni nini kilikuwa kinangojwa?

Baadaye ikaja ile ya serikali kununua mifugo, KMC, ile kampuni ya nyama ya serikali, ikachukua wanyama wenye wamekonda ndio mtu apate kitu mkononi. Sikatai, kuna mtoto alilipiwa karo na hiyo. Lakini nendeni mkaangalie wale wanyama vile walikuwa wanapandishwa kwa lori, wengine walikuwa wanabebwa. Mwanaume watatu wanabeba ng'ombe! Na shilingi hiyo hiyo, ingelikuja mwezi wa saba, ingenunua huyo ng'ombe nyasi, ama mwenyewe angemtembeza sokoni kwa miguu yake akamuuza kwa bei ya mnyama. Mvua ikaendelea kukosa misimu mitano mfululizo mpaka mwisho wa 2022, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika kaunti zetu hizi kavu. Milioni mbili. Mimi hesabu yangu huwa inaishia kwa siku 19 za ng'ombe mmoja, hiyo nyingine siwezi kuihesabu.

Kwa hivyo siku ile MCA, mjumbe wetu wa bunge la kaunti, atakuja hapa, na atakuja maana kura haziko mbali sana, najua tutamwomba barabara na tutamwomba borehole. Sawa. Na mtu atamuuliza pesa ya mifugo ni ngapi. Hapana, mwache hiyo. Muulizeni inakuja tarehe ngapi. Mwambieni ataje mwezi. Akisema "hivi karibuni" mwambieni ng'ombe hajui hivi karibuni. Kama bajeti ya premiamu haijapita kabla mvua fupi kuanza Oktoba, hakuna kinga msimu huo, kampuni ya bima haikubali kuandikisha mtu mwezi wa kwanza wakati kila mtu ameshaona nyasi haiko, hata mimi nisingekubali. Hiyo ndio kitu ya kumshika nayo, ile tarehe ya bajeti, si ile tarehe ya ukame.

(Hapa mzee mmoja alisimama akauliza, na nimeona niandike swali lake maana ni la wengi: kama setilaiti inajua mapema hivyo, kwa nini isituambie sisi kwanza, kabla ya kampuni? Nilimjibu kwamba ile ofisi ya ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti, nyasi, maji, bei ya mbuzi, yote, lakini inatoka kwa Kiingereza na kwa kompyuta. Akasema basi wewe mama uko na kazi. Watu wakacheka. Nimekubali, kila mwezi nitasoma hiyo ya Marsabit kwa Kiswahili na kwa Kirendille hapa sokoni, mtu aniletee tu kiti.)

Nimemaliza ya kusema. Sasa kuna meza pale chini ya kivuli, na kijana mwenye shati ya bluu ako na daftari. Mwenye alibadilisha laini tangu aandikishwe aje na kitambulisho na simu yenyewe, si namba iliyoandikwa kwa karatasi ya sigara, simu yenyewe ndio tuipigie hapa hapa tusikie ikilia. Mama zangu mwenye namba ni ya mzee na mnataka iwe yenu, mkuje na mzee, asikose. Tutaanza na huyu mama wa kitambaa cha kijani kwa sababu ametoka Korr na gari lake linarudi saa tisa.